Mwendo wa Mjomba Dadi

Lukenge, Uluguru
3 Juni 1912

Kaka yangu Kasiani,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimeacha kunibana. Mama ni mzima pia. Anauliza kama unapika au unashindia karanga, na anasema uache kupiga mawe njiani unapotembea, maana viatu haviokotwi. Wewe hujambo huko reli inakokupeleka?

Barua yako Hatibu aliileta ndani ya kapu lake la kabichi aliporudi kutoka sokoni Morogoro. Niliisoma mbele ya darasa nikiwa na chaki mkononi, watoto wakadhani ni habari za msiba, nilivyokaza uso.

Unaniuliza ni picha gani imenibaki kati ya zile zinazotembea kwenye shuka mlizotuonyesha mwaka jana kwenye ghala la pamba karibu na stesheni. Unadhani nitasema yule shetani aliyetoka kwenye chungu. Hapana, kaka. Shetani yule nilimwona kuwa ni mtu aliyefungwa mkia. Alinifanya nipige kelele, na kelele ilipotoka hofu ikatoka nayo. Iliyonibaki ni ile fupi ya mwanamke anayechana nywele mbele ya kioo. Nyuma yake mlango unafunguka polepole, haingii mtu, naye anaendelea kuchana. Ilipokwisha watu walizomea, wakasema Mgoa, bwana wako, kawapunja. Mimi sikuweza kuinuka. Aliyeitengeneza anajua jambo ambalo wengine hawajui: mlango ukifunguka na asiingie mtu, anayeingia ni mimi ninayetazama. Ninao mlango ule mpaka leo. Niandikie zipi zinakuja na meli ijayo, na usinifiche za kutisha kwa kuwa mimi ni mwalimu wa katekisimu.

Sasa ya nyumbani. Mjomba Dadi anazidi kuumwa, lakini bado anatembea. Jana alikuja kwa mama. Kwanza ule mguu wa kushoto unaoburutwa, kisha kucha zake kwenye mwimo wa mlango kabla ya neno lolote, kisha, "Kuko kimya humu?" Ni kaka wa mama na ndiye aliyetulea baba alipofariki, lakini nilijikuta nimeweka kijiko chini kama nilipokuwa mtoto.

Alisema, "Kasiani ndiye atakayechukua jina langu. Mwandikie ajue."

Unajua maana yake. Anayechukua jina anachukua nyumba na shamba la ukoo, na sisi sote tutamwita mjomba. Mama mwenyewe atakuita kaka. Nimjibu nini?

Mdogo wako,
Scholastika


Ngerengere
25 Juni 1912

Mdogo wangu Skola,

Milele, amina. Marahaba. Mimi mzima, ila mkono wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto kwa kuzungusha mpini wa mashine. Nikizungusha haraka watu kwenye shuka wanakimbia kama wameingiliwa na siafu. Nikizungusha polepole wanatembea kama maakida. Kusimama hakuruhusiwi, taa itachoma mkanda na ghala zima tutalikimbia. Mwambie mama napika.

Mpya tuliyonayo ni ya msaga unga aliyekatwa mkono na kinu, na ule mkono unatambaa kumtafuta aliyekiwasha. Mgoa, bwana wangu, anaisifu kama mke wake. Tuliionyesha Mikese. Mwanamke mmoja akasimama akauliza, "Mkono mmoja huo, si aukanyage tu?" Ghala likaangua kicheko, picha ikafa pale pale. Njiani kutoka Ulaya kuna ya bibi harusi wa nta anayeyeyuka kanisani, na ya gari la moshi linalorudi bila abiria. Hizo utasema ni za mkia. Lakini kuna moja ya mtu anayerudi nyumbani na kukuta kiti chake kimekaliwa, na aliyekalia kampa kisogo. Nilipomsikia Mgoa akiisimulia nikasema hii ni ya Skola.

Watu wanalalamika kwamba mizimu ya Wazungu haiwahusu. Kwa hiyo Mgoa anataka picha ya hapa hapa. Mashine yetu inaonyesha na inakamata pia, mradi kuwe na jua. Nikamwambia ninaye mdogo wangu huko milimani, kichwa chake kimejaa vitisho na anafundisha watoto sala. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mwambie aandike," akasema.

Kuhusu Mjomba, mwambie nimepotea. Mwambie nimeoa Tabora. Siwezi kuwa mtu anayenyamazisha watoto kwa kucha, Skola. Mimi nataka kuwa Kasiani wa mashine, basi.

Kaka yako,
Kasiani


Lukenge
19 Julai 1912

Kaka Kasiani,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Sisi wazima, lakini Mjomba Dadi ametutoka. Tulimzika Jumanne. Najua barua itakufikia umechelewa kulia, na najua pia hutalia, nami sikulaumu. Neno lake la mwisho aliloniambia lilikuwa, "Bado sijamaliza." Sikujua kama ni uji au ni sisi.

Njia nzima ya makaburini nilitazama miguu yangu tu, sikuthubutu kuutazama mlima. Kisha Hatibu, kama mtani wetu, akaanza kazi yake. Alivaa gunia, akaburuta mguu mbele ya wafiwa wote, akakwaruza mti wa mfenesi, akauliza, "Kuko kimya humu? Mbona mnalia, mlinipenda lini?" Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, na nilipocheka niliona mlima umekuwa mlima tena. Sijui watu wasio na watani wanazikaje.

Tanga litaondolewa mvua za vuli zikikaribia, na hapo ndipo jina litapewa mtu. Bibi Mwaisha, mkubwa wa ukoo, anakutaja wewe tu. Mimi sijui hata hupewaje. Lilipotolewa jina la mwisho nilikuwa bwenini kwa masista, nao hawakutuachia tuje kwenye mambo hayo.

Lakini tazama nilichopata usiku ule ambao sikulala. Ni picha ya Mgoa. Hakuna moshi wala pembe. Mtu amezikwa, na mchana kweupe anarudi nyumbani. Tunamwona kwa nyuma tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Anapanda njia akiburuta mguu, anafika mlangoni, anakwaruza mwimo, anangoja. Ndani yumo mwanamke anayejua ni nani. Mlango unafunguka. Basi, ikatike hapo. Uso tusiuone kabisa, maana uso ukionekana kila mtu atasema ni fulani kajipaka unga.

Mtu wa kumwiga awe Hatibu, anamwiga vizuri kuliko wote. Nimempa alete kofia ya Mjomba, koti lake jeusi na fimbo. Mama hajui kama nimevitoa sandukuni. Nimefurahi kiasi cha kuona haya, na msiba haujaisha.

Mdogo wako,
Scholastika


Morogoro
14 Agosti 1912

Mdogo wangu Skola,

Milele, amina. Marahaba. Pole kwa msiba, na poleni wote. Mimi mzima, goti tu linanisumbua kidogo.

Picha yako tumeikamata. Tulipata nyumba iliyoachwa huko Kihonda, nje ya mji, ina mlango mzuri wa mbao na njia ya kupanda. Asia, anayempikia Mgoa, alikaa ndani awe mwanamke wa kufungua. Hatibu akavaa vile vitu, akapanda njia. Skola, alikuwa Mjomba mtupu, lakini kila mtu alicheka. Asia alicheka ndani tukamsikia. Wapita njia walicheka. Mgoa akatupa kofia chini. "Huyu atanichekeshea watu."

Hatibu akamwambia, "Bwana, mimi mtani. Nikimwiga marehemu watu wakacheka, ndiyo kazi yangu hiyo. Wasipocheka nitakuwa nafanya nini?" Akavua koti. Nilipolichukua akanishika mkono. "Wewe usilivae hili, Kasiani."

"Kwa nini?"

"Ningoje nikamwulize Bibi Mwaisha."

Mgoa akasema jua halimngoji Bibi Mwaisha. Nikalivaa.

Sikuwa nimefanya mazoezi yoyote. Nilipopiga hatua ya kwanza, hakuna aliyecheka. Kulikuwa na jiwe katikati ya njia, nikataka kulipiga kama kawaida yangu, mguu ukakataa. Nilikwaruza mwimo. Picha haina sauti, hakukuwa na haja ya kusema kitu, lakini nikasikia mdomo wangu unauliza kama kuko kimya. Asia akatokea dirisha la nyuma akakimbia, hakurudi mpaka jioni. Mlango ulifunguka wenyewe, Mgoa anasema ni upepo. Anasema ni bora kuliko tulivyopanga.

Tumeosha mkanda kwenye pipa na kuukausha. Ni mzuri, Skola. Ni ule mlango wako wa mwanamke anayechana nywele, ila huu ni wa kwetu. Hatibu hakutaka kuchukua koti alirudishe. Ninalo mimi, na asubuhi za huku kuna baridi.

Kaka yako,
Kasiani


Lukenge
2 Septemba 1912

Kaka Kasiani,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Naandika haraka, Hatibu anangoja, mzigo wake wa viazi tayari uko kichwani.

Amemweleza Bibi Mwaisha. Alikuwa anapepeta mchele, akaweka ungo chini. Akaniuliza, "Nani alikufundisha wewe?"

Nikasema sikufundishwa, nimebuni.

"Hukubuni. Umesikia ukiwa mgongoni mwa mama yako, ukasahau."

Kaka, nisikilize. Hivyo ndivyo jina linavyotolewa. Mrithi anavaa nguo za marehemu, anapanda njia mchana kweupe, watu wamempa nafasi bila kumtazama usoni, anafika mlangoni na kubisha kama marehemu alivyokuwa akibisha. Mwanamke wa ndani anaitika, "Karibu, mjomba." Akishaitikiwa, jina ni lake. Ila kuna sehemu ya pili, ambayo mimi sikuiweka kwa kuwa sikuijua. Saa ile ile mzee wa ukoo anakuwa makaburini, anamwambia aliyelala pale, "Jina tumelichukua. Wewe baki." Anamwagia maji, anamwambia tena. Wewe umevaa, umepanda, umebisha. Makaburini hakukuwa na mtu.

Bibi anasema jina likichukuliwa bila mwenyewe kuambiwa abaki, mwenyewe hufuata jina lake.

Mimi nilisoma. Nimejiambia mambo yote ambayo padri angeniambia. Nimejiambia kwamba koti ni nguo na goti huuma. Kisha nakumbuka ulivyoandika kwamba mdomo wako uliuliza wenyewe, na ninaweka kalamu chini.

Jambo moja tu nijibu, na unijibu kweli. Siku ile, kuna mtu aliyeitika? Asia alisema "karibu"? Kama hakusema, Bibi anasema mlango bado haujafunguliwa, na tunaweza kukurudisha. Vua koti.

Mdogo wako,
Scholastika


Kilosa
7 Oktoba 1912

Skola,

Marahaba. Barua yako niliipata siku nyingi. Sikujibu kwa sababu nilitaka kuandika kwamba unajitisha bure kama zamani, na kila nikianza naona si kweli.

Asia hakuitika. Alikimbia, nilikwambia. Lakini umesahau kitu kimoja, nami nilikuwa nimekisahau. Picha inaonyeshwa.

Kila mji tunaofika watu wanajaa. Hawataki tena ile ya mkono wala ya bibi harusi, wanataka "ya mzee wa Uluguru." Wanapoona anapanda njia wananyamaza wote. Anapokwaruza mwimo, huku mbele hakuna sauti yoyote ila mashine yangu, na wengine wanaapa wamesikia kucha. Kisha upande wa wanawake huwa kuna mmoja anayetaka kuwachekesha wenzake. Anaitika, "Karibu, mzee." Hapa Kilosa waliitika wengi pamoja. Nasikia kila wanapoitika, Skola. Nasikia hapa kifuani, kama mtu anayesogezewa kiti.

Na kuna jambo jingine. Wewe unajua picha, utanielewa. Tulimkamata kwa nyuma tu. Nilikuwa ndani ya lile koti, najua sikugeuka. Tulipoanza kuonyesha, kilikuwa kisogo na kofia. Mikese niliona sikio. Jana niliona shavu. Mgoa anasema taa imechakaa. Mimi ndiye ninayezungusha, najua kila kipande cha mkanda ule kama unavyojua rozari yako. Anageuka. Na shavu lile si langu, ni la mtu mzima.

Nikisimamisha mpini mkanda utaungua, nimewaza hivyo. Jana nilijaribu kusimama. Mkono uliendelea.

Koti nimelivua. Mguu haujapona. Nikitembea kwenye reli asubuhi wafanyakazi wananipisha, na watoto wa stesheni wakiniona wananyamaza. Sijawafanya kitu.

Nataka kurudi nyumbani nikiwa mimi. Nifanyeje?

Kasiani


Lukenge
20 Oktoba 1912

Kaka yangu Kasiani, mwana wa mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Safari iliyopita hukuitikia. Itikia sasa, hapo ulipo, kwa sauti. Shikamoo kaka.

Nimeisoma barua yako nje, juani. Nilidhani mimi ni mtu anayependa kutishwa. Sasa najua nilipenda kutishwa kwa sababu kulikuwa na mahali pa kutokea, na nje ya ghala kulikuwa na wewe unafungasha mashine na kuniuliza kama nimekojoa. Hofu hii haina nje.

Fanya hivi. Usiionyeshe tena. Uchome mkanda, hata kama Mgoa atakufukuza. Kama mkono hautaki, mpe Hatibu auchome, ndiye anayekuletea barua hii mwenyewe kwa gari la moshi. Kisha njoo naye moja kwa moja, usilale njiani.

Bibi ameweka siku ya kuondoa tanga. Utakuja juu mchana, utafika mlangoni kwa mama, na mguu ukitaka kuburuta uache uburute, na kucha zikitaka kukwaruza ziache. Sisi ndani hatutaitika. Hakuna hata mmoja atakayefungua mdomo. Bibi atakuwa makaburini. Hatibu peke yake ndiye atakayekujibu, kwa utani. Atakutukana. Atakwambia rudi ulikotoka, nyumba hii ilipumua ulipokufa. Nasi tutacheka. Bibi anasema marehemu anaweza kuvumilia maji na maneno, lakini akichekwa na mtani mbele ya watu wake anaona haya na kurudi chini. Utakayebaki mlangoni utakuwa wewe.

Nimewafundisha wote kunyamaza, kama ninavyowafundisha watoto. Shangazi zetu wa upande wa baba wameahidi, na majirani. Mama amekubali pia. Ameahidi mbele ya Bibi.

Njoo ukipiga mawe kama unaweza. Nitayasikia kabla sijakuona.

Mdogo wako anayekungoja,
Skola


Morogoro
11 Novemba 1912

Kwa binti wa dada yangu,

Kuko kimya huko?

Mimi ni mzima. Mguu ni ule ule, nimeuzoea. Barua zako zote nimesomewa na aliyekuwa akizipokea. Umeandika vizuri, masista hawakupoteza muda wao.

Hatibu amefika. Ametaka kunitania, mdomo ukamkauka. Ni kijana mwema, nimemwambia akae chini apumzike. Mkanda haukuchomwa. Hakuna haja ya kuchoma kitu cha mtu.

Ninakuja Ijumaa mchana kwa njia ya juu. Nilikwambia kwamba sijamaliza. Mwambie dada yangu anipikie ugali wa mtama, nimeukosa tangu mwezi wa saba. Watoto wawe ndani. Wewe usifundishe watu wangu kunyamaza, hiyo ni kazi yangu.

Mjomba wako,
Dadi


Lukenge
9 Januari 1913

Kaka Kasiani,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Sijui afya yako, na sijui nikuulize wapi. Mimi nipo. Mama ni mzima kuliko alivyokuwa mwaka mzima, na hilo ndilo linaloniuma.

Mjomba Dadi hakujua kusoma wala kuandika, unakumbuka. Barua ile iliandikwa kwa mwandiko wako mzuri, na kila herufi ilikuwa yako. Niliificha. Nilidhani nikiificha, bado tuna mpango wetu.

Alikuja Ijumaa. Jua lilikuwa kali, kuku wanajichimbia vumbi. Tulikaa ndani wote tukiwa tumefumba midomo, mimi nimeshika mkono wa mama. Hatukusikia mawe. Tulisikia mguu. Nilichungulia ufa wa mlango nikaona kofia, na chini ya kofia kidevu chako na vile vinyweleo ulivyokuwa ukijisifia. Hatibu alisimama uani. Alifungua mdomo akatukana mara moja, na sauti yake ikatoka kama ya mtoto anayejibu darasani. Hakuna aliyecheka. Kisha kucha kwenye mwimo. Kisha lile swali.

Tulinyamaza, kaka. Nakuapia, tulinyamaza sote, hata mtoto wa jirani. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikasema moyoni tumeshinda.

Mama akasema, "Karibu, kaka."

Niliwafundisha wengine wote. Kwa mama nilihesabu kwamba wewe ni mwanawe. Sikuhesabu kwamba yule alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, aliyemwogopa maisha yake yote na kumlilia kila asubuhi tangu Julai. Aliniambia baadaye, "Nilimsikia yuko juani, amesimama, hajaitikiwa. Ungeweza wewe?" Nilikuwa nimemtaka afanye kwa ndugu yake kile ambacho mimi nisingeweza kukufanyia wewe.

Bibi Mwaisha alirudi kutoka makaburini jioni na mtungi mtupu. Nikamwuliza kama alisema maneno.

"Nimesema," akajibu. "Lakini hakuna wa kuambiwa abaki."

Sasa yumo. Amekaa uani hivi sasa anachonga mpini wa jembe kwa mikono yako. Watu wote wanamwita mjomba. Watoto wananyamaza anapopita. Hanionei wala hanigombezi. Juzi tu alinitazama akasema, "Unaandika sana," akaenda zake. Sioni usoni pake hata unyusi mmoja unaonijua.

Ningekaa na hilo mpaka nizeeke, lakini jana Hatibu amerudi kutoka Morogoro. Hakuingia kwetu, alinisubiri njia ya shule. Mgoa yuko pale tena kwenye ghala la pamba, na mtu mwingine anazungusha mpini. Hatibu alilipa akaingia, akitaka kuona kama mkanda bado unatisha.

"Hautishi tena," aliniambia. "Watu wanazomea, wanataka pesa zao. Yule mzee hayumo."

"Yumo nani?"

Nikamshika kanzu.

"Kuna kijana anapanda njia," akasema. "Amevaa shati tu. Hachechemei. Katikati ya njia kuna jiwe, analipiga."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani.

Anasema unafika mlangoni na unabisha kwa kifundo cha kidole, kama mtu mwenye adabu. Unangoja. Hakuna anayeitika, kwa kuwa hakuna anayekuogopa, na watu huwa hawamwitikii wasiyemwogopa. Mlango haufunguki. Kisha unageuka na kuwatazama wote kwenye ghala, unasogea mpaka shuka linajaa uso wako, na mdomo wako unasema kitu. Mkanda unakatika hapo. Kila jioni unakatika hapo, na Mgoa amesema akirudi Dar es Salaam atautupa kwa kuwa hauleti watu.

Nilipoanza kuzipenda picha hizi nilidhani cha kutisha kuliko vyote ni mlango unaofunguka na asiingie mtu. Nilikuwa mtoto. Kuna mtu anayebisha na mlango usifunguke.

Kesho nashuka na Hatibu na mzigo wa kabichi. Masista nimewaambia naumwa. Mama hajui, ila asubuhi alinifungia ndizi kwenye kitambaa bila kuniuliza kitu, na nilipozipokea hakuachia mara moja.

Naogopa, kaka. Sijui nini kitatoka kwenye shuka lile nikiitika, wala kama kitakuwa na mwili wa kukalia, wala Mjomba atasema nini uani siku hiyo. Hakuna wa makaburini, hakuna wa kunifundisha sehemu ya pili, safari hii sijui hata kama ipo. Lakini nitakaa mbele kabisa upande wa wanawake, na ukibisha nitaitika mimi. Sitasema mjomba wala mzee. Nitasema Kasiani, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma, na wazomee wakitaka.

Barua hii sina pa kuituma. Ninakuja nayo.

Nje mguu umesimama. Ananiuliza kama kuko kimya humu, na kalamu yangu anaisikia. Sikumjibu. Naendelea kuandika.

Usigeuke kabla sijafika.

Mdogo wako,
Skola